Maswali ya Wasomaji: Potasiamu Inayoondoka na Mabua

Barua nyingi za miezi ya karibuni zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kwa nini shamba linalobadilishiwa mazao kila msimu bado linachoka. Tumechagua zile zinazohusu potasiamu, ambayo wengine huiita potashi. Hesabu zote ni za ekari moja, na kilo tunazotaja ni za potasiamu yenyewe. Mfuko wa mbolea huandikwa K2O, yaani oksidi ya potasiamu. Ukitaka kupata potasiamu halisi, zidisha namba hiyo kwa 0.83.

Ndugu Mhariri, huu ni mwaka wa nane napokezana mazao: mwaka mmoja mahindi, unaofuata maharage. Napandia DAP, nakuzia urea. Mwanzoni nilivuna gunia 20 za mahindi kwa ekari, sasa nahangaika kufika 12. Majani ya chini yanaungua kingo na upepo mdogo tu unalaza mahindi. Si tulifundishwa kwamba kubadilisha mazao kunarudisha rutuba? — Mkulima, Mbozi

Mlichofundishwa ni kweli kwa naitrojeni. Maharage yana vinundu mizizini, na bakteria walio ndani yake hukamata naitrojeni ya hewani. Ndiyo maana mahindi yanayofuata hupata nafuu. Potasiamu haimo hewani. Inatoka kwenye madini ya udongo, na zao lolote utakalopanda linachota humo humo. Kupokezana mazao kunabadilisha nani anachota, kwa mizizi ya kina gani na kwa kasi gani, basi. Kinachoamua kama shamba linafilisika ni kile kinachopakiwa kwenye mkokoteni.

Tuitazame hesabu yako. Tani moja ya punje za mahindi ina potasiamu kilo 3.5 hivi, kwa hiyo zile gunia 20 za mwanzo (tani mbili) ziliondoka na kilo 7 tu. Lakini mahindi yaliyozaa tani mbili za punje huacha mabua makavu yapata tani mbili na nusu, na ndani ya mabua hayo mna kama kilo 30. Maharage yana tabia nyingine. Punje zake ni tajiri, karibu kilo 14 kwa tani, hivyo gunia tano za maharage zinaondoka na potasiamu sawa na gunia 20 za mahindi. Tena maharage hung'olewa mzima mzima, yakapelekwa nyumbani kupurwa, na maganda na vijiti vikaishia kwa mbuzi au motoni. Hapo kilo nyingine 8 zimekwenda.

Chukua miaka minane kwa mavuno yale ya mwanzo, minne ya mahindi na minne ya maharage. Aliyeacha mabua shambani na kurudisha maganda ya maharage ameuza kilo 56. Aliyetoa vyote amepoteza zaidi ya kilo 200. DAP na urea hazikurudisha hata gramu moja. Kwa kweli zimeharakisha, maana naitrojeni na fosforasi zilikuza mmea mkubwa, na mmea mkubwa huchota zaidi.

Huenda unajiuliza mbona miaka ya mwanzo hukuona kitu. Udongo wa mfinyanzi una potasiamu ya aina tatu: iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo, ambayo ni kidogo mno, iliyoshikiliwa juu ya chembe za mfinyanzi na mboji, ambayo ndiyo maabara hupima, na iliyofungiwa ndani ya madini, ambayo hutoka taratibu. Mizizi ikichota ile ya kwanza, ya pili huijaza, na ya tatu huijaza ya pili. Kwa miaka kadhaa mkulima anakula akiba bila kujua. Siku kasi ya kuchota inapoipita kasi ya kujaza, mavuno hushuka haraka kuliko alivyotarajia.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ni potasiamu. Mmea huihamisha potasiamu kutoka majani ya zamani kwenda machanga, kwa hiyo dalili huanza chini. Katika mahindi, njano huanza ncha ya jani na kuteremka kwenye kingo, kisha kingo hukauka rangi ya kahawia huku katikati, karibu na mshipa mkuu, pakibaki kijani. Naitrojeni ikipungua ni kinyume: njano hupita katikati ya jani, ikianzia nchani kama mkuki. Magnesiamu huacha mistari ya njano kati ya mishipa. Kisha pasua bua kwa urefu. Vifundo vikiwa na kahawia iliyokolea ndani, ushahidi unaongezeka. Magunzi yenye ncha isiyojaa punje, na bua jepesi linalovunjika, yote yanaelekea huko huko. Angalizo moja: wakati wa ukame dalili hizi huweza kutokea hata penye potasiamu ya kutosha, kwa sababu potasiamu husogea milimita chache tu kuelekea mzizi, na bila unyevu haisogei. Zikitoweka kwenye majani mapya mvua ikirudi, usikimbilie dukani.

Sasa dawa. La kwanza ni mabua. Potasiamu haikujengwa ndani ya nyuzi za mmea kama naitrojeni ilivyo ndani ya protini. Iko kwenye maji ya seli kama chumvi. Bua likishakauka, mvua hulisuuza na potasiamu ikarudi ardhini bila kusubiri bua lioze. Kwenu mnavuna katikati ya mwaka na mvua hairudi hadi Novemba au zaidi, kwa hiyo mabua yanayotolewa Agosti yanatoka na mzigo wote. Kama ng'ombe lazima wale, wapelekee majani na sehemu za juu, mashina manene yabaki shambani, yalazwe kwenye mistari kukinga mmomonyoko. Maganda ya maharage yarudishwe hata kama ni kazi ya kuudhi.

La pili ni mbolea. Kwa shamba lililofikia hali hiyo, weka mfuko mmoja wa kilo 50 wa MOP, yaani kloridi ya potasiamu. Mfuko huo una K2O asilimia 60, sawa na potasiamu kilo 25. Umwage sawasawa na kuchanganya na udongo kabla ya kupanda, au uuweke kwenye mfereji ulio sentimita 5 pembeni ya mbegu na chini yake kidogo. Usiutie shimoni pamoja na mbegu: MOP ni chumvi, na mbegu iliyokaa juu yake huchelewa kuota au haioti, hasa mvua ikikatika. Kwenye udongo wa mfinyanzi unaweza kuuweka mwaka wa mahindi, maharage yakala masalia. Mabua yakibaki shambani, baada ya mwaka huo wa kwanza nusu mfuko utatosha.

Acha kipande cha mita 10 kwa 10 bila MOP, na kingine cha ukubwa huo huo upime kilo moja na robo kwa uangalifu. Vuna kila kimoja peke yake, pima kwa mizani. Kama hakuna tofauti, tatizo lako liko kwingine na umeokoa fedha ya mwaka unaofuata.

Kati ya CAN, SA, TSP, urea, DAP na fosfeti ya Minjingu, ipi ina potasiamu? — Msomaji, Iringa

Hakuna. Angalia namba tatu zilizoandikwa kwenye mfuko: ya kwanza ni naitrojeni, ya pili fosforasi, ya tatu potasiamu. DAP ni 18-46-0, na hiyo sifuri ndiyo jibu. Mbolea za mchanganyiko zilizotengenezwa mahsusi zinaweza kuwa nayo, kwa hiyo soma mfuko, usisikilize jina. Kuhusu busta za kunyunyizia majani: hata ukinyunyiza naitreti ya potasiamu kwa kiwango cha asilimia 2 katika lita 200 za maji, umeweka kilo 4 za mbolea, yaani potasiamu kilo moja na nusu. Nyanya inayojaza matunda itashukuru. Shamba lenye upungufu wa kilo 30 halitaona kitu.

Hamjambo wahariri. Mimi hupanda viazi, kisha mahindi, halafu njegere, ndipo narudi kwa viazi. Viazi naweka DAP mifuko minne kwa ekari na navuna kama tani nane. Jirani ananiambia nibadilishe niweke 17-17-17. Kuna faida? Na potashi iwekwe kwa zao gani katika hayo matatu? — Mkulima, Nyandarua

Hatujambo. Iwekwe kwa viazi, bila kusita. Tani moja ya viazi inabeba potasiamu kilo 4 na kitu, hivyo tani zako nane zinaondoka na kilo 34 hivi, mara tano ya punje za mahindi ya ekari nzuri. Tena mizizi ya kiazi ni mifupi na michache. Mahindi yenye nyuzi nyingi yanaweza kuokoteza pale ambapo kiazi kinashindwa. Katika mzunguko, kirutubisho kisichokimbia sana hupewa zao dhaifu lenye thamani kubwa, na yale mengine yanakula makombo.

Kuhusu 17-17-17: mfuko wa kilo 50 una K2O kilo 8.5, sawa na potasiamu kilo 7. Kufidia kilo 34 unahitaji mifuko mitano hivi, na utakuwa unalipia mchanganyiko wote kwa sababu ya tarakimu ya tatu. Linganisha bei ya mahali ulipo na mpango huu: DAP mifuko miwili, MOP mfuko mmoja na nusu, kisha CAN mifuko miwili wakati wa kupandisha udongo. Mifuko yako minne ya DAP inakupa fosforasi kilo 92 za P2O5, ambazo viazi vya tani nane havimalizi hata kidogo. Hata hivyo usiikate yote mara moja kama udongo wako ni mwekundu wenye tindikali, maana udongo huo hufunga fosforasi nyingi.

MOP mfuko mmoja na nusu ni mwingi kuwekwa mferejini mara moja. Nusu ichanganywe na udongo wa mfereji, ifunikwe, ndipo mbegu ilazwe juu; nusu iliyobaki iende pamoja na CAN wakati wa kupandisha udongo. Ikiwa viazi vyako vinanunuliwa na viwanda vya krispsi, tumia SOP, yaani salfeti ya potasiamu, badala yake. Kloridi ya MOP huongeza maji ndani ya kiazi na kupunguza uzito mkavu, na kiazi chenye maji mengi hunywa mafuta na kulegea. SOP ina K2O asilimia 50 na ni ghali zaidi, kwa hiyo isinunuliwe bila sababu. Zao moja ambalo MOP ni mwiko kabisa ni tumbaku.

Mashina ya viazi yabaki shambani, kwani yana potasiamu nyingi, isipokuwa palipo na mnyauko wa bakteria. Hapo yatolewe na kuzikwa mbali. Mzunguko wako wa misimu miwili katikati, kwa ugonjwa huo, ni mfupi. Ongeza msimu mmoja.

Maabara imeniletea majibu: K 0.18 cmol/kg, Ca 8.0, Mg 2.5. Mwenye duka anasema hiyo ni nzuri kwa sababu "kuna kilo nyingi ardhini." Nisome vipi? — Mwalimu na mkulima, Bungoma

Zidisha 0.18 kwa 391 upate miligramu kwa kilo, ambazo maabara nyingine huziita ppm. Inakuja 70. (Karatasi za zamani huandika me/100 g, ni kipimo kile kile cha cmol/kg.) Udongo wa kina cha sentimita 20 katika ekari moja una uzito wa tani elfu moja na kidogo, kwa hiyo ppm moja ni takriban kilo moja kwa ekari. Kanuni hiyo ikariri, itakusaidia kila mara. Una kilo 70 za potasiamu inayofikika.

Mwenye duka ameona kwamba mahindi ya gunia 20 yanahitaji kilo 37 tu kujenga mmea mzima, akahitimisha kuna ziada. Kosa lake ni kudhani mizizi inagusa udongo wote. Mizizi hugusa sehemu ndogo sana, na potasiamu iliyo mbali kwa sentimita moja au mbili ni kama haipo msimu huo. Isitoshe, mahindi huchota kwa pupa: sehemu kubwa ya mahitaji huingia kati ya usawa wa goti na kutoa ndevu, wiki tano au sita tu. Hivyo tunaangalia kiwango ambacho udongo unaweza kujaza haraka, na kwa nafaka chini ya 0.2 ni haba. Kati ya 0.2 na 0.4 ni eneo la wasiwasi. Viazi, ndizi na mihogo bado vitaitikia mbolea hapo. Kwako pia potasiamu ni chini ya asilimia 2 ya jumla ya hizo tatu ulizoletewa, na kalisi (Ca) na magnesiamu (Mg) zinaisukuma pembeni mlangoni mwa mzizi. Kinyume chake hutokea pia: anayemwaga potashi kila msimu bila kupima huishia na upungufu wa magnesiamu.

Ila kabla ya kuiamini karatasi, kumbuka udongo ulichukuliwaje. Sampuli nzuri ni mchanganyiko wa sehemu 15 hadi 20, ukitembea kwa mshazari, kina cha sentimita 0 hadi 20, ndani ya ndoo ya plastiki. Gawanya nne, tupa mbili za mkabala, rudia hadi ubaki na nusu kilo, anika kivulini. Sehemu zilizowahi kuwa zizi, jalala, tanuru la mkaa au mahali pa kuchomea takataka ziachwe: koleo moja la mahali palipo na majivu linaweza kupandisha jibu la shamba zima. Usitumie mfuko uliokuwa na mbolea. Pima upya baada ya miaka mitatu, mwezi ule ule na maabara ile ile, iwe KALRO Kabete, TARI Mlingano au SUA Morogoro, maana kipimo cha kiangazi na cha masika havilinganishwi.

Shikamooni. Shamba letu la mahindi liko chini tambarare, nyumba na kihamba (shamba la migomba la nyumbani) viko juu. Kila mwaka tunapandisha mabua yote kwa ajili ya ng'ombe, na samadi inakwenda kwenye migomba. Migomba inanawiri, mahindi yanazidi kudhoofika. Tupunguze ng'ombe? — Rombo

Marahaba. Msipunguze ng'ombe, bali mjue mnahamisha shamba moja kwenda jingine. Ni utaratibu ule ule wa Bukoba, ambako nyasi za rweya, yaani mbuga ya malisho, hulisha kibanja cha migomba miaka nenda rudi. Kibanja kinameremeta na rweya inabaki fukara. Mabua ya ekari moja yanapandisha potasiamu kilo 30 mlimani kila mwaka. Mgomba unaipenda, lakini unaouzwa ni mkungu tu. Tani ya mikungu huondoka na kilo 4 au 5, na shina lililobaki, ambalo ndilo limebeba nyingi, linaoza pale pale. Kihamba chenu kinajilimbikizia.

Wazo la kwanza ni kuteremsha samadi. Ukweli ni kwamba samadi mbichi ina maji zaidi ya nusu: tani moja yenye maji inaweza kuwa na potasiamu kilo 5 tu. Kurudisha kilo 30 ni kuteremsha tani sita. Kama kuna gari linaloshuka tupu kufuata mabua, pakieni. Kama mnabeba kwa kichwa, gharama itaishinda bei ya mfuko mmoja wa MOP, na hapo tunashauri mfuko uende chini, samadi ibaki juu.

Samadi yenyewe angalieni inavyotunzwa. Sehemu kubwa ya potasiamu anayokula ng'ombe hutoka kwenye mkojo. Banda lenye sakafu ya udongo na mfereji unaomwaga nje linapoteza zaidi ya nusu ya thamani kabla ya kufika kwenye lundo. Tandikeni mashina ya mabua yaliyokataliwa ili yanywe mkojo, na lundo lifunikwe kwa majani ya migomba au turubai. Yale maji meusi yanayotiririka chini ya lundo mvua ikinyesha ni potasiamu inayokwenda kwa jirani wa chini.

Walio na mabingobingo (nepia kwa wasomaji wa Kenya) wajihadhari zaidi. Kila tani ya majani makavu ina kilo 20 hadi 30. Ekari inayotoa tani tano kwa mwaka imetoa zaidi ya kilo 100. Ukiing'oa baada ya miaka kadhaa na kupanda mahindi, usishangae.

Ardhi yetu ni mchanga mtupu. Baada ya mahindi na kunde napanda muhogo kwa kuwa hauhitaji mbolea. Mizizi imekuwa myembamba na michungu. Majivu ya jikoni yatasaidia? — Mkuranga

Muhogo unavumilia kunyimwa, ila haina maana hauchukui. Tani 10 za mizizi mibichi huondoka na kilo 27 hivi, na mashina ukiyauza au kuyafanya kuni yanaondoka na nyingine. Potasiamu ndiyo husafirisha sukari kutoka jani kwenda mzizi kuwa wanga. Ikipungua, mzizi haunenepi, na sumu ile inayoleta uchungu huongezeka.

Majivu ya kuni yanafaa, lakini pimeni. Debe moja la majivu makavu lina uzito wa kilo 10 hivi, na kama ni ya kuni ngumu yasiyonyeshewa mtapata potasiamu kama nusu kilo. Kulingana na mfuko mmoja wa MOP mnahitaji madebe 50. Majivu yaliyolala nje mvua ikayanyeshea yamebaki na kalisi tu. Majivu ya pumba za mpunga yana silika nyingi na potasiamu kidogo. Msichanganye majivu na urea wala samadi mbichi, kwani naitrojeni itapaa kama harufu ya amonia. Na penye udongo wa mawe ya matumbawe, ambao tayari una chokaa nyingi, msiyatumie.

Kwenye mchanga, mbolea iliyowekwa yote mara moja huzama na mvua ya kwanza kubwa. Ekari ya muhogo wa mita moja kwa moja ina mashina 4,000 hivi. Wekeni kifuniko kimoja cha soda cha MOP kwa kila shina mwezi wa kwanza baada ya kuchipua, na kingine mwezi wa tatu, kwenye mduara ulio sentimita 20 kutoka shina, mfukie. Mara mbili hizo zinakaribia mfuko mmoja. Hapa masalia ya kulisha zao linalofuata ni madogo, hivyo kila zao lipewe lake, kwa kiasi kidogo. Maganda ya muhogo yarudi shambani.

Nimekodi ekari tatu zilizokuwa za mkonge kwa miaka mingi. Msimu wa kwanza tu, mahindi yameungua kingo. Zinaweza kupona? — Korogwe

Zinaweza. Tani moja ya singa za mkonge huondoa shambani potasiamu kilo 60 hivi, na kalisi na magnesiamu nyingi pia. Kichekesho ni kwamba singa zenyewe zina potasiamu kidogo. Singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Potasiamu iliyobaki ilikwenda na maji na makapi ya korona, mashine inayotenga singa na jani. Mkonge ukiishiwa potasiamu huonyesha mkanda wa kahawia karibu na kitako cha jani, kisha jani hukunjika hapo. Ukiyaona mashina ya zamani yenye alama hiyo pembezoni mwa shamba, umepata jibu bila maabara.

Lakini kipimo kifanyike, kwa sababu ardhi kama hiyo mara nyingi ina upungufu wa kalisi na tindikali pia, na MOP peke yake inaweza kuongeza ukosefu wa magnesiamu. Palipo na tindikali, chokaa ya dolomiti ina kalisi na magnesiamu kwa pamoja. Ichanganywe na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Makapi ya korona ni bora yakiwa mapya kiasi na yamefunikwa. Lundo la zamani lililonyeshewa miaka mingi ni zuri kwa kulainisha udongo, potasiamu yake ilishaondoka.

Kuchoma mabua kunapoteza potasiamu? — Kilosa

Kwa sehemu kubwa haichomeki. Inabaki kwenye majivu. Kinachopotea ni naitrojeni, salfa na kifuniko cha udongo. Shida ni kwamba majivu yapo juu kabisa, na upepo wa kiangazi au mvua ya kwanza ya nguvu huyapeleka mtoni.

Mbaazi zina mizizi mirefu. Je, huvuta potasiamu ya chini na kuipandisha? Na alizeti mwitu? — Babati

Mbaazi huvuta, na majani yanayopukutika huiacha juu ya udongo ambapo mahindi ya mwaka unaofuata yanaifikia. Hilo ni jema hasa kama tabaka la chini bado lina akiba. Ila hesabu punje, zina karibu kilo 14 kwa tani kama maharage, na miti ya mbaazi huenda jikoni. Majivu ya jiko hilo yana safari ya kurudi shambani.

Alizeti mwitu, yaani tithonia inayoota kando ya barabara, ina potasiamu yapata asilimia 4 ya uzito mkavu, nyingi kuliko samadi. Kata majani na matawi laini kabla ya maua, yafukie wiki moja au mbili kabla ya kupanda. Kumbuka kwamba tani ya mabichi ni kilo 200 hivi za makavu, yaani potasiamu kilo 8. Bustani ya mboga itafaidi. Ekari nzima itakuchosha mgongo. Na ukikata ua lile lile kila mwaka bila kulirudishia kitu, litadhoofika kama shamba jingine lolote.

Mahindi yangu yameshatoa mbelewele na ndiyo nimeona dalili. Niweke MOP sasa? — Msomaji, Kakamega

Hapana. Yamekwisha kuchota karibu yote yanayohitaji. Nunua kwa ajili ya zao lijalo, uiweke pakavu maana hunyonya unyevu na kugandamana. Msimu huu vuna mapema kidogo bua lisije likaanguka na magunzi yakaoza ardhini, kisha acha mabua yalale pale pale.